Mama Pélagie na Moteri ya Bwegera

Tarehe thelathini mwezi huu, Mama Pélagie Itangishaka anaacha kazi kisha miaka makumi mbili na sita kwenye kinu chetu cha mpunga cha Bwegera. Komite ilitafuta mutu wa kumuandikia maneno ya kumuaga, ikanikuta minye, Eugène, na ilifanya vizuri: toka Uvira mpaka Kamanyola hakuna anayejua machine kunipita. Mainjinia wa Bujumbura wanavukaga mpaka kuja kuniuliza.

Alianza akifagia pumba. Haikupita muda, alikuwa anawasha moteri mwenyewe, na wanaume waliokuwa wanamucheka wakaanza kumuita Shefu. Sauti yake ilishinda ya machine. Ukiegemea kidogo tu, unasikia: «Weye Eugène, huo ukuta hautaanguka, njoo.»

Ile saizon ya mvua tuliyokaribia kufunga kinu, kila mutu anaikumbuka. Mvua ilikula udongo chini ya beto, ile saruji inayobeba moteri, machine ikatetemeka mpaka ng'ombe kule juu milimani Bijombo wakainua vichwa. Tukapandisha magunia ya mpunga juu ya moteri ili itulie. Pélagie mwenyewe alibeba la kwanza. Ikatulia kweli. Lakini bidoni ya mazout, mafuta ya moteri, iliyokuwa inatosha mpaka jioni, ikawa inaisha mbele ya saa sita ya mchana. Tukamushuku Placide, dereva anayeileta, kwamba anaiiba, karibu tumufukuze.

Ni Pélagie aliyeona unga mweusi wa mpira chini ya kiungo kinachoshikanisha moteri na kinu. Akazima, akagusa: moto. Akashusha magunia, akalaza rula ya chuma juu ya kiungo, mwanga ukapita upande moja. Vile vyuma viwili vya kiungo vinavyozunguka havikuwa vinatazamana tena. Moteri ilikuwa imeshuka, na magunia yetu yalikuwa yanaikandamiza zaidi. Mazout ilikuwa inaenda kupasha vyuma na kutikisa nyumba, mpunga unapata masalio. Akakata vipande vya bati, akavisukuma chini ya miguu ya moteri, akapima, akaongeza, mpaka rula ikalala sawa. Bidoni ikatosha tena mpaka jioni, Placide akabakia na kazi yake.

Sasa, hofu. Beto inasogeaga kila mvua, na mvua iko karibu. Moteri ikianza tena kula mazout nyingi, bei ya kukoboa itapanda, na wamama wetu watapeleka mpunga kwingine. Wa kushika ile rula sasa ni minye. Nasikia machine ikitetemeka hata ikiwa imezimwa.

Mama Pélagie, aksanti kwa mikono yako na kwa masikio yako. Enda upumuzike kwa watoto wako Nyamianda, magoti yasikuume, Mungu akupe miaka mingi ya kukaa kivulini. Ila usizime telefone. Kila ulipoinama kunionyesha mwanga chini ya rula, minye nilikuwa ninaitika «ndiyo» tu, bila kuuona. Vitu vya karibu sivionangi. Miwani iko nyumbani, lakini ni ya mke wangu, na iko na maua.