Bia Nyeusi ya Mzee Wangu

Wapendwa, sijazoea kusimama mbele ya watu, mnivumilie. Mchungaji, wewe ziba masikio kidogo, maana leo nasimulia habari ya pombe.

Mzee wangu, huyu mume wangu, si mtu wa maneno. Lakini kila Jumamosi, akitoka kupeleka kahawa kiwandani, alikuwa anakaa kwa veranda na chupa ya bia nyeusi, moja tu, na hapo ndipo alinipigia stori. Mimi na chai yangu, niliingojea ile chupa kuliko yeye.

Halafu kiharusi kikamwangusha. Akarudishwa kutoka hospitali hadi nyumbani kwetu Kanja bila sauti. Uji akipewa anasukuma kijiko, anaangalia ukuta. Ndugu zangu, nawaambia, nyumba ambayo mwenzako hakuongeleshi ina baridi. Nilikuwa naenda kulilia zizini asinisikie. Hata kuomba niliacha.

Siku moja nikakumbuka ile bia. Nikazunguka Embu nzima, ati siku hizi haitengenezwi. Basi, nikasema, nitaipika mwenyewe! Daktari alikubali aonje kidogo. Shayiri nilinunua Makutano nilipoenda kumwona dada yangu Meru, nikaiotesha kwa gunia ichipue kidogo, vile tunaotesha wimbi. Ya kuichachusha nikatia muratina, lile tunda la pombe ya wazee. Woi! Ikatoka pombe ya kupeleka mahari kabisa, si bia. Mzee akaonja, akageukia ukuta.

Nikaanza upya, mara hii na hamira ya mkate. Sasa ule weusi nitautoa wapi? Nikakaanga shayiri kwa sufuria, nikikoroga na mwiko. Moshi ukajaa jikoni, machozi yananitoka, sijui ni ya moshi ama ni yangu. Mara nikasikia kutoka chumbani:

"Unaunguza!"

Mwiko ukaniponyoka. Nikakimbia, nikamkuta ameinua kichwa, amekunja uso kwa hasira.

"Sema tena, baba," nikamwomba.

"Toa... moto!"

Nilipiga magoti pale pale, nikacheka, nikalia. Sijawahi kugombezwa nikafurahi hivyo.

Kuanzia hapo nilimketisha mlangoni mwa jikoni tukikaanga. Mimi nakoroga, yeye ananusa. "Bado." "Bado." "Sasa!" Maneno yalirudi hivyo, moja moja.

Bia ilipokuwa tayari nikamnywesha kijiko. Akafikiria sana.

"Si yenyewe," akasema.

Nikauliza, "Niimwage?"

Akashika kanga yangu. "Leta chai yako. Kaa."

Nawashukuru nyinyi. Kuna aliyenikamulia ng'ombe, kuna aliyekuja kumgeuza mzee kitandani ili nilale. Mnajijua. Na wewe unayeuguza mtu leo, ukishampa dawa, mtafutie pia kile alichokuwa anapenda, hata kama hujui kukitengeneza. Koroga tu.

Sasa niruhusuni niende mapema. Leo ni Jumamosi, na ile stori ya wiki jana hajaimaliza.