Mwalimu Tshala Mbayo na Vitabu vya Mwaka Wake wa Mwisho

Marehemu Mwalimu Tshala Mbayo alizaliwa Kabondo-Dianda tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mhubiri Nday Mbayo na Mama Kalunga. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza masomo ya ualimu hapa Kamina mwaka 1981. Tangu hapo hadi 2019 alifundisha darasa la kwanza. Wengi wenu mliosimama hapa aliwashika mkono mlipoandika herufi ya kwanza.

Mwaka 1985 aliolewa na Bwana Wenceslas Muteba, mchuuzi wa samaki kutoka Kinkondja. Yeye Mmetodisti, mume Mkatoliki. Wazee walinung'unika, wao wakafunga ndoa.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2014. Januari 2024 macho yakazima kabisa, naye akawa mtu wa kukaa kimya. Ndipo shemeji yetu Wenceslas, ambaye hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja, akatoa kabatini kitabu cha ufugaji wa nyuki, akaanza kumsomea. Alisoma kwa sauti ya mtu anayenadi samaki sokoni.

"Baba Émile, punguza sauti," marehemu alimwambia. "Nyuki batakimbia."

Majirani walicheka, na yeye mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu apofuke.

Kikafuata kitabu cha historia ya Waluba, ambacho marehemu alikibishia karibu kila ukurasa. Kisha riwaya ya mjane mmoja, mshonaji wa nguo, na hiyo ndiyo aliyosema ilimgusa kuliko vyote. Katika sura ya mwisho mshonaji yule anakufa. Wenceslas alipofika hapo alikifunga kitabu, akasema: "Akapona, akarudia kwabo."

"Kitabu njo inasema vile?"

Mume akakifungua tena kitabu.

"Baba Émile, iyo ni bongo yako, unanidanganya. Soma vile iko."

Akasoma. Walilia wote wawili. Walipotulia, marehemu akasema neno ambalo mumewe alikuwa akilikwepa kila lilipokaribia: "Miye pia nitaenda. Munizike huku Kamina. Huku njo kazi yangu ilikuwa, huku njo banafunzi bangu biko."

"Nimesikia, Mama Émile."

Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 2 Machi 2025, baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Mumewe alikuwa amemshika mkono.

Wazee wa Kinkondja walikuja kutaka mwili upelekwe kwa ukoo wa mume, kando ya Ziwa Kisale. Wenceslas aliwaeleza alichoambiwa. Wakabishana sana. Mwishowe mkubwa wao, Mzee Mwanza, akamuuliza: "Alikuambia yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi, bachimbe huku."

Ameacha mume, watoto watatu, Émile, Hadassa na Phébé, wajukuu saba, na mdogo wake Salomon, anayewasomea maneno haya.

Mwalimu Tshala, Mungu akulaze kwa utulivu katika udongo uliouchagua.