Siku Kisu cha Mzee Mansukhlal Kilipofunguliwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, nyumba ijae. Na kama kuna aliyeshika kisu jikoni, akiweke chini kwanza. Akiweke chini tu, asimpe mtu mkononi. Mtajua kwa nini.

Leo tunamkumbuka Mansukhlal, muuza makufuli na bawaba wa Mchafukoge. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake Upanga, usingizini. Mansukhlal, mzee wa visu. Hapo sasa mmeshamjua.

Kisu chake kimoja kiko hapa studio, mezani kwangu. Kimeletwa na mgeni ambaye mlinzi wetu alimgandisha getini: "Dada, na kisu mkobani unaenda kuhojiwa au kuhoji?" Mgeni mwenyewe mtamjua.

Ni kisu kidogo cha kukunja, kinalala kiganjani. Mpini ni wa mfupa wa ng'ombe, mwekundu kama komamanga. Kilitengenezwa Marekani, kiwanda cha familia ya Tarbell. Sisi mtaani tulisema Tabeli, na mzee alishachoka kuturekebisha.

Tarbell wa kwanza, kwa jinsi mzee alivyotusimulia, alikuwa fundi viatu wa mji mdogo wa milimani. Alijitengenezea kisu cha kukatia ngozi, majirani wakakitamani. Mkulima akataka cha kupandikizia miche, mwindaji akataka chake, karakana ikawa kiwanda. Kila kisu kiligongwa jani dogo kwenye chuma cha mpini, na kila baada ya muda jani lilibadilishwa. Ndiyo maana wakusanyaji husoma umri wa kisu kwenye jani, kama wewe unavyosoma umri wa mbuzi kwenye meno. Halafu kiwanda kikaungua. Kikajengwa upya. Mwisho wajukuu wakagombana, mlango ukafungwa. Tangu hapo visu vya Tabeli vikaacha kuwa vya kukatia. Vikawa vya kutunzwa.

Baba yake Mansukhlal aliwahi kuviagiza dukani. Vikauzwa vyote, kikabaki hiki chekundu ndani ya karatasi yake ya mafuta. Mansukhlal akakirithi, akaanza kutafuta na vingine. Lakini hiki ndicho kilikuwa roho yake, kwa sababu kilikuwa hakijawahi kufunguliwa tangu kitoke kiwandani. Narudia, wasikilizaji: kilikuwa hakijawahi kufunguliwa. "Ukikifungua umekiua," alikuwa akisema.

Kila Jumamosi asubuhi alikuja Kariakoo na kisu kimoja, kwenye benchi la muuza juisi ya miwa. Masharti mawili. Chekundu hakifunguliwi. Na kisu hakipokezanwi mkononi. Unakiweka benchi, mwenzio anakiokota mwenyewe. Bibi yake alimfundisha kwamba kisu cha mkono kwa mkono kinaleta ugomvi, na wazee wa pwani pale benchi wakasema, hata kwetu ndivyo.

Khalfani, mbeba mizigo mwenye shingo kama gogo, alikuwa hakosi.

"Mzee, kisu kisichokata si bora kitana?"

"Na upara huo, kitana utachania nini?"

Benchi zima hoi kwa kicheko.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mniwie radhi. Hapa nimesimuliwa mara nyingi, na bado ni pagumu kupasimulia.

Ilikuwa Jumamosi moja kuelekea Idi, mwaka juzi. Soko limefurika. Swaumu, binti mshona mapazia, alikuwa amepanda bodaboda ya Shukuru. Mtandio wake ulikuwa mrefu. Ncha ikapeperuka, ikanaswa na gurudumu la nyuma. Wakaanguka. Huku gurudumuni mtandio umejiviringisha, huku shingoni unakaza. Shukuru akivuta, unazidi kukaza.

Swaumu ananiambia: "Mchana ulianza kuingia giza pembeni. Nilitaka kumwita mama. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka."

Mansukhlal alikuwa ndiyo anatoka benchi, kisu chekundu mfukoni. Akapiga magoti. Akajaribu kukifungua. Hakifunguki! Mafuta ya miaka yote yameganda. Ukucha ukang'oka, damu ikachuruzika. Akakiuma kwa meno, akavuta. Kikafunguka.

Sasa simameni nyuma yake. Mnaona mgongo wa mtu. Mnaona binti yuko chini. Mnaona damu. Mnaona kisu kinakwenda shingoni.

"Anachinja! Jamani, anamchinja!"

Watu wakafurika. Mawe, nondo, vyuma vya vibanda. Shukuru alijaribu kueleza, akala kofi, wakadhani ni mwenzake. Khalfani ndiye aliyefika wa kwanza. Mgongo ule haukumwambia ni nani. Akaudaka mkono wa mzee, akaupinda.

"Lete kisu! Lete!"

Mzee akashindwa kusema. Mkewe, Mama Jasvanti, anakumbuka maneno yake: "Aliniambia, nilisahau Kiswahili, nikasahau Kigujarati, nikasahau hata jina langu."

Jiwe la kwanza likampata begani. Na hapo, mkono umepindwa, binti anakata roho, mzee akafanya jambo alilolizoea. Hakumpa Khalfani kisu mkononi. Alikiweka chini, taratibu, mpini ukimwelekea mwenzake. Kama pale benchi.

Khalfani hafichi: "Dada, angenipa mkononi ningemchoma nacho. Lakini kilipowekwa chini, nikamjua mwenyewe. Nikainama kukiokota, ndipo nikauona mtandio."

Akaukata.

Swaumu akavuta pumzi. Wanasema ilisikika kama kitambaa kinachanwa. Na wale walioinua mawe wakabaki nayo juu, hawajui pa kuyaweka.

Hofu haikuishia pale. Mzee alijifungia Upanga miezi kadhaa. "Wakipiga ukelele wa mwizi huko barabarani," anasema Mama Jasvanti, "anaingia bafuni, anafunga. Mimi nakaa nje ya mlango, namwongelesha habari za bamia." Khalfani alipanda ngazi za kwake kumwita. Akakataliwa. Akapanda tena.

Mwishowe mzee alirudi benchi, amemshika Khalfani mkono. Akatoa kisu chekundu, makali wazi, alama za meno juu yake.

"Mzee, si ndiyo umeshakiua?" Khalfani akauliza, kwa sauti ndogo.

Mansukhlal akakiweka benchi, na chungwa pembeni. "Menya," akasema.

Kikawa kisu cha benchi mpaka wiki iliyopita.

Siku ya kumuaga, Swaumu alikwenda. Tangu ajali ile alikuwa hagusi kisu, hata vitunguu alikatiwa na mama yake. Mama Jasvanti akamwekea hiki mezani. Swaumu alikitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akakiokota.

Ndiye mgeni wangu wa leo. Nilinyoosha mkono kumpokea kisu, akatikisa kichwa. Akakiweka mezani.

Mama Jasvanti, na wanao, na benchi zima la Kariakoo, poleni sana. Dar nzima inawapa pole. Na wewe unayenisikiliza: siku ukisikia ukelele, na jiwe liko karibu na mkono wako, pita mbele kwanza. Uutazame uso wa mtu, si mgongo.

Kisu kiko pale pale alipokiweka. Sasa nakiokota.