Hesabu ya Mashine ya Jacobs

Jumamosi asubuhi, kwenye benchi iliyo mbele ya duka la simu kule Sydenham, Durban, Libère alikuwa ameshika kikombe cha kahawa bila kunywa. Jumatatu angekuwa mtu wa kwanza kuendesha mashine mpya ya kukunja mabati kiwandani, mtaa wa Jacobs, na mikono yake ndiyo ingepita chini ya kile chuma kizito kinachoshuka. Waliokaa naye walikuwa wawili: fundi simu Cédric, aitwaye Betri kwa kuwa maneno yake hayaishi chaji, na muuza kahawa Pierre-Claver, aliyebandikwa jina la Sinodi tangu alipogombana na kanisa zima.

— Injinia Laurette wa kiwandani anasema mashine hawakuijaribu tu, — Libère alieleza. — Waliandika sheria: mkono ukiwa ndani, chuma hakishuki. Halafu wakathibitisha kwa hesabu kwamba programu inayoiendesha haiwezi kuvunja hiyo sheria. Kamwe.

— Mimi simu naijaribu mara mia, — Betri alisema. — Ikiwaka, sharp, imepona.

— Na ya mia na moja? — Libère aliuliza. — Kujaribu ni kulala siku nyingi bila mwizi. Hesabu ni kuonyesha nyumba haina mlango mwingine.

— Mais lakini hiyo hesabu alifanya nani? — Sinodi aliuliza.

— Kompyuta.

— Eish! Na hiyo kompyuta, nani aliikagua?

— Ingine.

— Na hiyo ingine? Unaona! Itapanda hivyo mpaka mbinguni. Ya mwisho iko ya Mungu, na Mungu hatumii umeme.

— Shida si Mungu, — Betri alidakia. — Hesabu waliifanyia Johannesburg, kwenye ukavu. Hapa Durban unyevu wa bahari unavimbisha tarakimu. Saba inaanza kufanana na tisa.

Libère alicheka, lakini vidole vyake vilijikunja vyenyewe.

— Usiogope, papa Libère, — Sinodi alimpoza. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu! Mkono haukutajwa.

— Na kidole kimoja hakivunji chawa, — Betri aliongeza. — Donc basi kikikatika, hasara iko wapi?

Ndipo Goreth, mke wa Libère, akatoka saluni ya jirani, nusu ya kichwa imesukwa, akitaka funguo. Alikuwa amesahau nywele za bandia nyumbani. Akauliza wanachekea nini. Libère akamweleza, sheria na yote.

— Ni vizuri, — Goreth alisema. — Na ukiinama kuchungulia bati lililokwama, kichwa nacho ni mkono?

Sinodi akapangusa birika lililokuwa safi.

Libère akampigia Laurette palepale, akalirudia swali.

— Tulithibitisha tulichoandika, papa Libère, — Laurette alisema kwa sauti ndogo. — Kichwa hatukuandika. Jumatatu usiiwashe. Tunarudi kwenye sheria kwanza.

Libère akashusha simu. Goreth bado alikuwa amenyoosha kiganja.

— Funguo, baba. Msusi ananingoja.

Libère akampa, akakawia kuuachia mkono wake.