Taa ya Austine Lumadede

Mchungaji, wazee wetu wa Vihiga mnaoishi hapa Dubai, ndugu zetu wa Tanzania na Uganda, na nyote mlioomba ruhusa kazini au kubadilishana zamu ili mfike katika ukumbi huu leo, Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, familia ya Mzee Zedekiya Lumadede inawasalimu kwa heshima, na imenituma mimi, Everlyn, dada mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha yake. Mezani mnaiona picha yake na taa nyekundu ya mafuta, lakini jeneza hamlioni, na sababu yake nitaieleza itakapofika mahali pake. Kampuni aliyoifanyia kazi ilitueleza kwamba Austine alikufa kwa ukaidi wake mwenyewe, neno hilo limezunguka kambini na kwenye makundi ya simu, na wengine wenu mmelirudia, kwa hiyo tunaomba msikilize mwanzo hadi mwisho kabla ya kuliamua.

Marehemu Austine Lumadede alizaliwa Alhamisi tarehe 17 Machi 1988 mjini Mbale, Vihiga, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa Mzee Zedekiya Lumadede, fundi seremala, na Mama Dorah Kavosa, mkulima. Wapo waliosema mitandaoni kwamba alipenda mbwa tangu utotoni, na hilo si kweli. Nyumbani kwetu mbwa alikuwa mmoja, alilala nje, alikula makombo, hakuwa na jina, na Austine alimwogopa mpaka alipofika darasa la pili.

Alianza shule ya msingi mwaka 1995 na kuimaliza mwaka 2002, kisha akasoma shule ya upili ya kutwa karibu na Chavakali, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2006. Hakuwahi kuwa wa kwanza wala wa mwisho katika somo lolote, ndiyo maana walimu wake wengi hawamkumbuki. Baba, tulipomuuliza wiki hii kama mwanawe alikuwa mkaidi, alijibu kwamba Austine alikuwa mtoto ambaye ukimtuma dukani akakuta duka limefungwa, hakurudi nyumbani kusema limefungwa, alikaa mlangoni mpaka lifunguliwe.

Mwezi Februari 2008 alikwenda Nairobi na kuajiriwa na kampuni ya ulinzi katika Eneo la Viwanda, akapelekwa idara ya mbwa kwa sababu walinzi waliotangulia kupangiwa walikataa. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo baadaye tulilisikia kwake mara nyingi hata tukalichoka, kwamba mbwa wa kazi hula kwanza, na anayemwongoza hula baadaye.

Tarehe 15 Desemba 2012 alifunga ndoa na Lynette Mideva katika kanisa la Friends, nyumbani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jeremy, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 2013, na Edna, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 2017. Lynette anatusikiliza sasa hivi kupitia simu iliyowekwa pale karibu na maua, naye ameomba msomaji asipunguze lolote.

Marehemu aliingia Dubai tarehe 4 Mei 2014, akawa mlinzi wa ghala katika eneo huru la uwanja wa ndege, akiishi kambini Muhaisnah, na kwa miaka karibu minne hatukusikia malalamiko yake wala ya mtu juu yake. Mwezi Februari 2018 zilienea habari kwamba arbab mmoja, yaani tajiri mwenye kampuni, ambaye jina lake familia imekubaliana lisisomwe hapa, amenunua mbwa wa nchi za baridi na anatafuta mtu asiyeogopa mbwa. Walikuwa mbwa wa kuvuta sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, na arbab alitaka wamshindie mashindano ya mbali kaskazini mwa dunia, kule ambako majira ya baridi jua huonekana kwa muda mfupi tu na watu husafiri siku kadhaa nyuma ya mbwa. Mbwa hao walikaa katika banda lenye vipoza hewa nje ya mji, upande wa Al Awir, wakifanya mazoezi alfajiri kwa kuvuta kigari cha magurudumu mchangani, na Austine aliwalisha, aliwakata kucha na kuwapa majina ya vyakula vya kwetu, Mrenda, Kunde, Mandazi, Sukuma, Omena na wengineo, kwa sababu, alivyosema, majina waliyokuja nayo yalikuwa ya pikipiki. Binti yake Edna huyataja yote kwa mpangilio waliofungwa kwenye kamba.

Kuanzia majira ya baridi ya mwaka 2020, kila Novemba mbwa walisafirishwa kwenda Norwe na Austine alikwenda nao, yeye na Faustine wa Bukoba, ambaye mnamwona mstari wa mbele. Mwendeshaji aliyeajiriwa, Mnorwe aitwaye Elias, alimfundisha Austine kusimama nyuma ya sleji, kusoma mwendo wa mbwa kwa kutazama migongo yao, kuwavisha viatu vya kitambaa na kuwapikia supu ya nyama kwa theluji iliyoyeyushwa. Tulipompigia simu na kumuuliza baridi ikoje, alijibu kwamba ukifungua friza ya madam wako ukaingiza kichwa, hapo bado uko Mombasa.

Mwezi Januari 2023 Elias alivunjika mkono, na kwa kuwa Austine alikuwa tayari amekimbia mashindano mafupi ya kufuzu akiwa na kundi la pili, arbab aliamua aandikishwe yeye. Mashindano yalianza Ijumaa tarehe 10 Machi 2023, kilomita zaidi ya mia tano, mbwa wanane, na arbab akasafirisha wageni na mpiga picha wakamsubiri mwisho wa safari. Siku ya pili, mlimani, Kunde aliumia bega. Kwa desturi ya mchezo huo mbwa aliyeumia haachwi njiani, huwekwa ndani ya sleji na kuvutwa na wenzake mpaka kituo kinachofuata, kwa hiyo Austine alimbeba, na kila penye mlima alishuka akakimbia nyuma ili kuwapunguzia wengine uzito. Alifika kituoni akiwa wa nne kutoka mwisho, akamkabidhi Kunde kwa daktari wa mifugo, akapika supu, na mbwa saba waliobaki wakaigeuzia migongo.

Faustine alikuwepo, ingawa msaidizi haruhusiwi kugusa mbwa wala chombo, na ndiye aliyemshikia simu sikioni arbab alipopiga, naye anakumbuka maneno yote. Arbab alisema, "Yalla, Austine, wenzako wanaondoka, funga mbwa, twende." Austine akajibu, "Hawajala, sir." Arbab akasema watakula mbele, wageni wanasubiri, khalas. Austine akajibu kwa sauti ileile, "Wakila nitaondoka, sir." Akaketi kwenye theluji katikati yao na sufuria, akaipasha tena na tena, timu tatu zilizokuwa nyuma yake zikampita, na Mrenda alipoanza kula, wengine wakamfuata. Ndipo naye akala, akaondoka.

Alimaliza Jumatano tarehe 15 Machi 2023, akiwa wa mwisho, na mbwa wake saba wakiwa wazima. Wageni walikuwa wamekwisha kupanda ndege. Penye mstari wa mwisho palikuwa na taa inayowaka, kwa maana kule huwasha taa mashindano yanapoanza na hawaizimi mpaka mwendeshaji wa mwisho afike, kisha huizima yeye mwenyewe kwa mkono wake, na hukabidhiwa taa nyekundu kama ukumbusho. Ndiyo hii iliyo mezani. Alipopiga simu nyumbani kueleza, baba alicheka mpaka akakohoa, akasema shuleni kwao wa mwisho alikwenda kukata kuni, na mama akauliza, "Wa mwisho, na bado wakakupa taa? Kaa na hao watu, mwanangu, hao wana utu."

Hakuruhusiwa kukaa nao. Meneja wa kampuni ya arbab alimwambia kwamba bwana hakununua mbwa ili apewe taa, shamba walilokodi Norwe likaachwa, na mwezi Aprili 2023 mbwa wote kumi na wanne wakarudishwa Dubai moja kwa moja, pamoja na Austine, wakawa wa kupigwa picha na wageni wakati wa baridi na wa kufungiwa bandani wakati wa joto. Elias alituma ujumbe zaidi ya mara moja akisema mbwa hao hawafai kupitisha kiangazi jangwani. Mwezi Juni mwaka huu vipoza hewa vya banda vilikufa mara mbili, Austine akatoa taarifa mara zote mbili, akaambiwa inshallah vitabadilishwa.

Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, baada ya saa sita mchana, vilikufa mara ya tatu. Faustine alitumwa na gari kumchukua fundi Deira, na Austine akabaki peke yake. Ng'ambo ya ua palikuwa na majlisi, sebule ya kupokelea wageni, yenye mazulia na vipoza hewa vyake vinavyofanya kazi, na Austine alimpigia meneja akiomba ruhusa ya kuwaingiza mbwa humo. Meneja alikataa kwa sababu ya mazulia, akamwagiza amwage maji bandani, akae ofisini na kumsubiri fundi. Mbwa wale wana manyoya mazito ya kuhimili theluji, na wakati huo baadhi yao walikuwa wameshindwa kusimama. Austine alifungua majlisi, akawabeba mmoja mmoja kuvuka ua ule kwenye jua la Agosti, akarudi, akabeba mwingine, akarudi. Faustine alipofika na fundi aliwakuta mbwa kumi na watatu kwenye zulia wakinywa maji, na Austine ameanguka uani, hatua chache kutoka mlango wa majlisi, na Kunde, ambaye sasa alikuwa mzee, akimlamba shingo. Chupa yake ya maji ilikuwa imejaa.

Alikimbizwa hospitalini akiwa hana fahamu. Madaktari walitueleza kwamba joto la mwili lilikuwa limepanda kupita kiasi, figo na ini vikashindwa, na Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025, saa nne asubuhi, ndugu yetu aliaga dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Nilipopiga simu nyumbani na kueleza, mama hakulia hapo hapo. Aliuliza, "Mbwa wa nani?" Nikamjibu ni wa arbab. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia, "Nauliza, mbwa wa nani?"

Alhamisi tarehe 14 Agosti mbwa wote kumi na wanne walipandishwa ndege kwenda Norwe, kwenye masanduku yenye hewa baridi, wakiwa na daktari wao, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeshauriwa kwamba joto la Dubai ni hatari kwa mbwa. Mwili wa Austine hauwezi kuondoka bila saini ya kampuni iliyokuwa mdhamini wake, mwenye kutia saini alikuwa likizo, na tulipokwenda ofisini tuliambiwa tuketi, kisha tuliambiwa kesho. Saini ilipatikana juzi. Ndiyo sababu leo mnaaga picha.

Sasa kuhusu lile neno. Familia imelizungumza, Lynette amelizungumza na watoto, na hatutalikanusha. Aliambiwa akae ofisini akasimama, aliambiwa yalla akaketi, na katika mara hizo zote mbili kilichofuata ni kwamba mbwa wa mtu mwingine waliishi. Sisi, ili pasiwe na uongo mbele ya Mungu, tungependa angekaa ofisini. Watoto wake wangependa hivyo. Lakini kama huo ndio ukaidi, basi kampuni iuandike vizuri, na iandike pia waliookolewa nao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, hasa muuguzi Robinah, aliyemwosha uso kama mtu wa nyumbani kwake. Tunawashukuru majirani wa kambini, walinzi wenzake wa zamani wa ghalani waliokuja na sare zao kutoka kazini, na Joha wa Unguja, aliyetupikia wiki zote hizi bila kuombwa. Tunamshukuru Elias, aliyetupigia kutoka Norwe, na Faustine, aliyeisema kweli mbele ya mkaguzi aliyekuja kuchunguza kifo hiki, akijua ana familia inayomtegemea, na ambaye tangu wiki iliyopita hana kazi, kwa hiyo mwenye nafasi mahali asimsahau.

Mwili utaondoka Jumatatu tarehe 8 Septemba, na mazishi yatafanyika Jumamosi tarehe 13 Septemba nyumbani kwa Mzee Zedekiya. Taa hii nitaibeba mkononi, bila mafuta, kwa sababu ndege haikubali mafuta. Lakini mama ametundika taa ya jikoni kwenye lango tangu siku ile nilipompigia simu ya msiba, inawaka usiku na mchana, na amekataza mtu yeyote kuizima. Itazimwa gari lenye jeneza litakapoingia, na kwa kuwa Austine mwenyewe hataweza, Lynette ataizima kwa mkono wake.

Austine, ndugu yetu, umekuwa wa mwisho tena. Mbwa wote wamefika, na Elias anasema wamekula. Sasa na wewe pumzika kwa amani.