Fisi Asiye na Mwezi

Fundi wa fremu alikuwa ameiegemeza picha magotini. Mwalimu mstaafu aliyeketi kando yake basini aliitazama kwa vituo viwili, kisha akauliza, “Fundi, huyu fisi analilia nini?”

“Halii, mama. Ulafi tu. Ameona mwezi kisimani, anadhani ni pande la mafuta. Si unaijua hadithi?”

“Naijua. Mwezi wenyewe uko wapi?”

Fundi alikohoa. Kitambaa cha picha kilizidi fremu kwa shubiri, naye alikuwa amekunja nyuma sehemu ya chini, mwezi ukiwemo.

Nilichokiona mimi, niliyeketi dirishani upande wa pili wa mwalimu, ni fisi aliyeinamia giza, shingo imemlegea. Kwa ushahidi uliokuwepo, mwalimu alikuwa sahihi.

“Basi umemfanya mfiwa,” alisema. “Mwache hivyo. Mlafi ana wengi wa kumcheka.”

“Usiniponze, mama. Mwenye picha ananisubiri kituoni, na alishasema nikikosea tena kazi zake anampa mwingine.”

Basi lilisimama. Mwenye picha, mchoraji mwenyewe, alikuwa chini, mikono ameshainyoosha. Fundi alishuka taratibu, akamkabidhi picha.

Mwalimu aliniomba nimpishe dirishani. Nilikataa, kwani nami nilitaka kuona.