MaDlodlo Akabidhi Kiti cha Bodi ya Amathonsi

Jumamosi ya tarehe 29 Novemba, Bi. Siphathisiwe Dlodlo, ambaye mtaa mzima wa Makokoba humwita MaDlodlo kwa heshima ya ukoo wa baba yake, anastaafu uenyekiti wa bodi ya Amathonsi, kituo chetu cha sanaa na masomo ya vijana, baada ya utumishi wa miaka kumi na tisa. Ni kazi ya kujitolea. Posho pekee aliyowahi kuipata ni kikombe cha togwa, na hata hicho kikombe alikuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani, kwa sababu vya kituo, kama alivyosema, "vimeoshwa na wacheza ngoma."

Ieleweke mapema kwamba sherehe hii hakuitaka. Jambo lilipoletwa kikaoni alilipinga, akadai kura ipigwe, akashindwa vibaya. Kwa hiyo tumekusanyika leo kwa uamuzi halali wa bodi, naye mwenyewe, tunaona, ameshona gauni jipya.

MaDlodlo alizaliwa kijijini Tsholotsho, akaja hapa Bulawayo akiwa msichana kuishi kwa shangazi yake. Alipata kazi ya utangazaji katika stesheni ya reli, akaifanya mpaka alipofikisha umri wa kupumzika. Wengi wetu tuliijua sauti yake miaka mingi kabla ya kuijua sura yake. Ndiye aliyetuambia treni ya Victoria Falls inaingia wapi na ya Harare inaondoka lini. Wako wazee mtaani kwetu ambao hadi leo, akiwaita kwa nguvu, mikono yao huanza kutafuta mizigo.

Tabia ya kuheshimu saa aliitoa huko akaja nayo kwetu. Mzee Khumbulani Tshabangu, mweka hazina wetu, kazi yake ni kunyoosha magari yaliyopondeka, na huamini kila kitu kinaweza kunyooshwa, hata muda. Siku moja alichelewa, akakuta mlango umefungwa.

"MaDlodlo, fungua! Ni mimi!"

"Treni yako imeshaondoka, baba. Subiri ya mwezi ujao."

Mzee Tshabangu hakusubiri. Alizunguka nyuma, akafuatilia kikao chote akiwa ameegemea dirisha, na kila kura ilipopigwa aliingiza mkono ndani. Kura zake zilihesabiwa.

Namna MaDlodlo alivyojiunga nasi inafaa ikumbukwe na vijana wanaodhani alizaliwa mwenyekiti. Alikuja kugomba. Nyumba yake iko nyuma ya ukumbi wetu, huu uliokuwa zamani kilabu cha pombe cha manispaa, na ngoma za mazoezi zilikuwa zinamnyima usingizi wa mchana. Aliingia amejifunga khanga kiunoni, tayari kwa vita. Akakuta ngoma zimepumzishwa na vijana wakubwa wamekaa sakafuni wanawafundisha wadogo hesabu za mafungu, wakiandika kwa mkaa ukutani kwa sababu chaki zimekwisha. Alisimama akatazama. Kisha akamwambia kijana mmoja, "Hiyo ya tatu umekosea," akatoka. Kesho yake alirudi na boksi la chaki. Ngoma zenyewe hakuzisamehe, ila alihamishia usingizi wake asubuhi.

Kazi ya bodi haionekani jukwaani. Hakuna anayepiga makofi kwa sababu ajenda imekwisha vizuri. Ni MaDlodlo aliyeweka kanuni kwamba hakuna mtoto atakayegusa ngoma kabla kazi ya shule haijakaguliwa. Ni yeye pia aliyepigania kijana aliyelelewa na kituo awe na kiti katika bodi. Baadhi yetu tulidhani ni kiti cha heshima. Akatusahihisha: "Simleti kijana aje kutumiminia chai. Namleta apige kura."

Kijana wa kwanza kukalia kiti hicho alikuwa Nomagugu Zondo, mcheza ngoma, wakati huo ana miaka ishirini. Na kura yake ya kwanza iliyokuwa na uzito aliipiga dhidi ya MaDlodlo.

Wakati huo ukumbi wetu ulikuwa umechoka. Paa lilivuja, umeme ulikuja ukitaka, na siku za mgao wa maji vyoo vilikuwa habari nyingine kabisa. Bwana Ndumiso Hlabangana, mfanyabiashara wa samani aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wa MaDlodlo, alikuwa anafunga ghala lake katikati ya mji. Alikubali kutupa jengo hilo bure. Lilikuwa jengo la matofali, sakafu ya mbao, paa zima, vyoo vinavyofanya kazi. Haikuwa zawadi iliyojileta. MaDlodlo alikuwa amemwendea mzee huyo miaka miwili, kwenye harusi, kwenye misiba, baada ya ibada, mpaka akakubali. Kilichobaki ni sisi kusema ndiyo.

Alieleza hoja yake kikaoni kwa sauti ile ya stesheni, hakuacha kitu. Akauliza kama kuna mwenye neno. Nomagugu akanyoosha mkono.

"Mama, jengo ni zuri. Mimi mwenyewe nimekwenda kucheza humo, sakafu yake inaitikia mguu. Lakini watoto hawatafika."

"Watafika. Mjini si mwezini."

"Wakubwa watafika. Wadogo, hapana. Na wasichana wakitoka mazoezini giza linaingia, watapita stendi. Mama, hapa mtoto asipoonekana siku mbili, mama wauza mboga pale getini wanajua anaumwa au kuna jambo nyumbani. Kule mjini nani atajua?"

"Na mvua ikinyesha hapa," MaDlodlo akamjibu, "tunawafundisha kucheza ngoma au kuogelea?"

Tulicheka. Nomagugu hakucheka. Alisema, "Tutawafundisha vyote viwili, Mama, ila watakuwepo."

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Waliotaka kuhama walikuwa watatu, waliokataa wanne. Mzee Tshabangu alikuwa wa nne, na aliunyanyua mkono wake polepole kama anayeinua kitu kizito, bila kumtazama mwenyekiti. MaDlodlo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaivaa tena.

"Kura imeamua," akasema. "Katibu, andika. Tuendelee na ajenda inayofuata."

Asubuhi yake alinipitia nyumbani, mimi katibu wake, twende kumpa Bwana Hlabangana jibu. Angeweza kutuma barua, au kunituma mimi, au Nomagugu, na kusema kweli wapo waliotamani atumwe Nomagugu. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, amevaa nguo za kanisani. Bwana Hlabangana alituketisha kwenye makochi yaliyokuwa bado na nailoni. Aliposikia tulichokuja kusema, uso wake ulikunjamana.

"Miaka miwili unanifuata, MaDlodlo. Leo umetumwa na watoto?"

"Nimetumwa na bodi, baba."

"Na wewe? Wewe ulipiga kura gani?"

Nilikuwa nimekaa karibu yake, nilimwona akivuta pumzi. Neno moja tu lingetosha kuuokoa urafiki wa familia mbili.

"Bodi ikishaamua," akasema, "hakuna tena kura yangu wala ya fulani. Tumekataa, baba. Na tunakushukuru sana."

Mzee alisimama, akatufungulia mlango. Kwa miezi mingi iliyofuata walikaa kanisa moja, benchi mbili tofauti, bila salamu. Mke wa mzee alipolazwa, MaDlodlo alikwenda kumwona hospitalini saa ambazo alijua mume hayupo. Jambo hilo halikuwahi kufika kwenye kikao, na nina hakika atanikemea kwa kuliandika hapa.

Januari iliyofuata mvua ilinyesha kama iliyolipwa. Siku ya Jumatano, watoto wakiwa bado shuleni, dari la upande wa jukwaa lilishuka lote, maji, mbao na mabati, likafunika mahali ambapo jana yake darasa la wadogo lilikuwa limeketi. Hakuna aliyeumia. Lakini kila aliyekuja kutazama aliangalia kifusi, kisha akaangalia alipo Nomagugu. Mtaani maneno hayakosekani. Mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Haya sasa, wacheze humo."

Nomagugu alikuja kikaoni macho yamevimba. Kabla hajakaa akasema anajiuzulu, kwamba ni kura yake iliyotufikisha hapo, kwamba kama mtoto angekufa asingejua aishi vipi. Sote tukamgeukia mwenyekiti. Kama kulikuwa na siku ya MaDlodlo kusema lile neno ambalo mtu yeyote mwenye haki angelisema, ilikuwa siku ile.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Waliopiga kura ni saba, na dari limetuangukia saba. Kujiuzulu ni kwa watu wenye nafasi. Wewe unatakiwa kesho kwenda na Mzee Tshabangu kutafuta mabati."



Kilichofuata wengi wenu mlikifanya kwa mikono yenu. MaDlodlo aliwakusanya wastaafu wenzake wa reli, watu waliozoea chuma na kazi ya vipimo, wakaja na vyuma vya zamani na mashine ya kuchomelea. Mama wauza mboga walibeba mchanga kwa ndoo, na mchana walitupikia sadza, ugali wa kwetu, na viwavi vya kukaanga mpaka mafundi wakaanza kuchelewesha kazi kwa makusudi. Darasa la wadogo lilihamia barazani kwa MaDlodlo. Ngoma zikawafuata. Kwa hiyo mwanamke aliyekuja kwetu kulalamikia kelele alizipokea mlangoni kwake kwa majira mazima ya mvua, na mtu akimwuliza, alisema tu kwamba mapigo ya ngoma kubwa bado yanachelewa.

Paa lilikamilika majira ya baridi. Siku ya kufungua, lori la samani lilisimama getini, vijana wakashusha mabenchi, yale mnayoyakalia leo. Bwana Hlabangana, aliyekaa kando ya dereva, hakushuka. MaDlodlo alikwenda mpaka dirishani kwake, wakazungumza kidogo. Alichoambiwa hakutusimulia, lakini Jumapili yake walisalimiana.

Mtauliza ni nani aliyekuwa na haki. Ghala la mjini siku hizi ni duka la vigae. Hapa kwetu watoto wameongezeka mpaka tumegawa zamu, na wengi wao ni wadogo, wanaokuja kwa miguu. Nomagugu, ambaye sasa ni mwalimu, anaona hilo ni jibu. MaDlodlo hajawahi kukubali. Mpaka mwezi uliopita alikuwa akisema: "Vyoo vya kule vilikuwa bora." Na ni kweli, vilikuwa bora.

Anaondoka kwa kanuni aliyoiandika mwenyewe, kwamba mjumbe akitimiza miaka sabini na mitano apishe wengine. Katika kikao chake cha mwisho Mzee Tshabangu alipendekeza kanuni hiyo ifanyiwe marekebisho kidogo, "inyooshwe tu, isivunjwe." MaDlodlo alimwambia pendekezo lake halimo kwenye ajenda na muda wa kuliingiza umepita. Kisha akamkabidhi kiti makamu wake, Bwana Mthunzi Gumede, akahamia kwenye benchi la wageni, akamtazama kama atafuata saa.

Kikao kilipofungwa Nomagugu alimfuata pale kwenye benchi. Sote tulisikia, kwa hiyo si siri.

"Mama, mwaka ule dari lilipoanguka. Nilikuwa nangoja useme 'niliwaambia.' Nimengoja mpaka leo. Kwa nini hukusema?"

MaDlodlo alikuwa anafunga kamba za kiatu, hakuinua kichwa.

"Nani kakwambia sikusema? Nilisema, tena sana. Nilisema nyumbani, nimefunga mlango, napika. Nililiambia sufuria, nikauambia mwiko, nikamwambia na marehemu kwenye picha yake ukutani. Nilisema mpaka nikaona nimemaliza." Akakaza fundo. "Nilipomaliza, nikavaa viatu nikaja kikaoni."

MaDlodlo, kwa niaba ya wajumbe, walimu, wazazi, na kila mtoto uliyemrudisha nyumbani kufuata daftari lake, tunasema asante. Asante kwa ulichotuambia, na zaidi kwa kile ulichokimaliza nyumbani kabla ya kuja. Tunajua unakwenda Tsholotsho kwa mbuzi wako na kwaya yako, na tunawaonea huruma wote wawili watakapochelewa. Mungu akupe afya, jirani wema, na usingizi mrefu wa mchana usio na ngoma. Ukizikumbuka, mlango uko wazi. Uje kwa saa yoyote utakayo.

Lindani Mabhena
Katibu wa Bodi, Amathonsi